Kionjo cha Bure Kilichotozwa Kodi: Kisa cha Rejista ya Chumba cha Kuonjea Mvinyo

Kisa hiki ni cha kiwanda kidogo cha mvinyo wa matunda nchini Uganda kilichofungua chumba cha kuonjea na kuweka rejista ya mauzo kwa mipangilio ileile inayowekwa kwenye duka la rejareja. Mwezi mmoja ulitosha kuonyesha kwamba chumba cha kuonjea si duka. Jina la kiwanda, mahali hasa, tarehe na programu iliyotumika vimeondolewa, na bei zimesawazishwa hadi elfu iliyo karibu. Mpangilio wa matukio haukuguswa.

## Mahali na biashara

Kiwanda kiko mashariki mwa nchi, kando ya barabara kuu iendayo mpaka wa Kenya. Mananasi yake yanatoka Kayunga. Pasheni, choya na ndizi zinanunuliwa kwa wakulima wa jirani. Kwa miaka kadhaa kiliuza kwa katoni tu, kwa hoteli na maduka. Kisha likajengwa banda lenye kaunta moja, meza saba, jokofu na rafu ya chupa, na mauzo ya mkononi yakaanza.

Wateja ni wa aina tatu: watu wa Kampala wanaopita wikendi, wafanyabiashara na madereva kutoka Kenya, na vikundi vya sherehe vinavyokuja kwa basi dogo. Lugha ya kaunta ni Kiswahili, kwa sababu wahudumu wanne hawana lugha moja ya nyumbani na wateja wengi wamevuka mpaka.

Vilivyouzwa ni vichache. Chupa ya mililita 750 kwa shilingi 40,000. Glasi ya mililita 150 kwa shilingi 10,000. Seti ya vionjo vinne, kila kimoja mililita 50, kwa shilingi 20,000. Juu ya hayo kulikuwa na ahadi moja iliyoandikwa kwa chokaa ubaoni: ukinunua chupa mbili, kuonja ni bure. Ahadi hiyo ya mstari mmoja ndiyo iliyoleta kazi kubwa kuliko mengine yote.

Kiwanda kilikuwa kimesajiliwa kwa Kodi ya Ongezeko la Thamani, yaani VAT, ambayo Uganda ni asilimia 18. Kwa hiyo kila mauzo yalipaswa kupita EFRIS, mfumo wa Mamlaka ya Mapato ya Uganda wa risiti na ankara za kielektroniki ulioanza kutumika mwaka 2021. Rejista ilikuwa imeunganishwa nao moja kwa moja: keshia akifunga mauzo, taarifa zinakwenda EFRIS, zinarudi na namba ya hati na msimbo wa QR, ndipo risiti inachapishwa. Chupa zote, hata zilizokusudiwa kufunguliwa, ziliingia chumbani zikiwa na stempu za kodi za kidijitali na ushuru wa bidhaa ukiwa umehesabiwa kiwandani. Kwa hiyo kilichobaki kwa rejista ni VAT, stoku na fedha.

## Mipangilio ya mwanzo

Fundi aliyefunga rejista aliifunga vizuri kwa upande wa vifaa: tableti, printa ya karatasi ya milimita 80, droo ya fedha iliyounganishwa kwenye printa, na betri ya akiba. Kwenye programu alitumia kiolezo cha duka:

- VAT inaongezwa juu ya bei iliyoingizwa.
- Mauzo yanafungwa papo hapo, bila bili ya wazi, yaani bili inayoachwa bila kufungwa hadi mteja alipe.
- Seti ya vionjo ni bidhaa moja isiyogusa stoku.
- Njia za malipo ni mbili, "taslimu" na "simu".
- Wahudumu wote wanatumia namba moja ya siri.

Hakuna kati ya hayo ambalo ni kosa kwa duka la sabuni. Mteja wa sabuni anachukua, analipa, anaondoka. Mteja wa mvinyo anaingia, anaonja, anakaa, anabadili mawazo, anaita rafiki, na anaamua kununua saa moja baadaye.

## Kilichotokea, hatua kwa hatua

Siku ya kwanza ilianza na bei. Ubaoni glasi ni 10,000; risiti ikatoka 11,800. Chupa ya 40,000 ikawa 47,200. Mteja mmoja aliuliza swali ambalo kila mteja angeuliza: "Dada, mbona ubaoni ni elfu arobaini?" Mhudumu hakuwa na jibu ila kutoa punguzo la mkono la 7,200. Kufikia Jumapili karibu kila risiti ilikuwa na punguzo la mkono, na ripoti ya punguzo ikawa haina maana tena, kwa kuwa punguzo la kweli na la kurekebisha bei yalikaa safu moja. Isitoshe, 11,800 inadai chenji ya shilingi 200, na sarafu hizo hazikuwapo kwenye droo.

Wiki ya pili wakahesabu chupa. Rejista ilionyesha chupa 38 zaidi ya zilizokuwapo. Hakukuwa na wizi. Zilikuwa zimefunguliwa na kumiminwa kwenye glasi na vionjo, na rejista haikuambiwa, kwa kuwa ilipunguza stoku pale tu chupa nzima ilipouzwa.

Meneja akaweka kiraka. Aliagiza kila seti ipunguze 0.07 ya chupa ya kila aina ya mvinyo, na kila glasi 0.2. Namba 0.07 inatokana na 50 gawanya kwa 750, ikasawazishwa hadi desimali mbili. Mwisho wa mwezi wakahesabu tena: nanasi pungufu chupa 11, choya zaidi chupa 8, pasheni na ndizi karibu sawa.

Tofauti hiyo inasema wazi kilichokuwa kikitendeka. Aina moja ikipungua na nyingine ikizidi kwa kiasi kinachokaribiana, mara nyingi mvinyo haukupotea, umebadilishana nafasi. Wateja walikuwa wakisema, "Hiyo choya iache, niongezee nanasi." Mhudumu alikubali, kama ilivyo ungwana, lakini seti kwenye rejista iliendelea kupunguza choya. Vionjo 120 vilivyobadilishwa hivyo kwa kipimo cha 0.07 ni chupa 8.4. Chupa tatu zilizobaki katika upungufu wa nanasi ndizo za kumimina kupita kiasi.

Tatizo zito lilionekana mhasibu alipokaa kuandaa marejesho ya VAT, ambayo hupaswa kuwasilishwa kufikia tarehe 15 ya mwezi unaofuata. Mauzo ya EFRIS yalikuwa juu ya mauzo ya rejista kwa shilingi 740,000.

Alipofuatilia akakuta seti 37 za vionjo. Kila moja ilikuwa imelipiwa mteja alipoingia, risiti ikatoka na namba ya EFRIS ikapatikana. Baadaye mteja alinunua chupa mbili, akadai ahadi ya ubaoni, na mhudumu akabonyeza "futa" kwenye risiti ya kwanza, akamrudishia 20,000. Rejista ilifuta. EFRIS haikufuta, kwa sababu hati ikishapata namba yake haifutiki. Hurekebishwa kwa hati nyingine ambayo wahasibu huiita krediti noti, inayoombwa ndani ya EFRIS kwa kutaja namba ya hati ya awali na sababu, kisha inasubiri idhini. VAT iliyokuwa ndani ya 740,000 ni 112,881. Kiwanda kilikuwa kinadaiwa kodi ya vionjo ambavyo fedha zake zilikwisharudi mfukoni mwa wateja.

## Maamuzi na sababu zake

Meneja, mhasibu na fundi walifunga chumba kwa siku mbili, Jumatatu na Jumanne, wakapanga upya. Kufunga kulikuwa uamuzi mzuri. Kubadili kodi na stoku katikati ya mauzo huacha nusu ya siku chini ya kanuni moja na nusu chini ya nyingine, na hesabu ya siku hiyo haiponi.

### Bei

Kodi ilihamishwa kutoka "juu ya bei" kwenda "ndani ya bei". Hesabu yake ni bei mara 18 gawanya kwa 118. Glasi ya 10,000 ina VAT ya 1,525. Seti ya 20,000 ina 3,051. Chupa ya 40,000 ina 6,102. Bei zote zikabaki katika elfu kamili. Ruhusa ya punguzo la mkono ikaondolewa kwa wahudumu.

Kuna mtego hapa. Ukibadili swichi ya kodi bila kugusa bei, bei ya ubaoni inabaki ileile lakini mapato yako halisi kwa chupa yanashuka kutoka 40,000 hadi 33,898. Mwenye kiwanda alipaswa kuamua kama 40,000 bado inalipa gharama zake. Aliamua inalipa. Asingeulizwa, angekuja kugundua miezi sita baadaye.

### Bili ya wazi na ahadi ya ubaoni

Huu ndio uliokuwa moyo wa mabadiliko. Rejista iliwekwa katika hali ya meza: mteja akiingia anafunguliwa bili, anapewa kibao cha mbao chenye namba, na kila anachoagiza kinaandikwa chini ya namba hiyo. Hakuna kinachotumwa EFRIS hadi anapolipa. Karatasi anayopewa kabla ya kulipa imeandikwa juu, kwa herufi kubwa, "SI RISITI". Akibadili mawazo mara tatu, mabadiliko yote yanatokea kwenye bili ambayo bado haijawa hati ya kodi.

Meneja aliogopa kwamba watu wataonja na kuondoka. Hofu ya haki. Suluhisho halikutoka kwenye programu: mlango wa kutokea ukabaki mmoja, unaopita mbele ya kaunta, na kibao kinarudishwa wakati wa kulipa.

Kisha ikaja ahadi yenyewe. "Ukinunua chupa mbili, kuonja ni bure" inatosha kwa mteja mmoja, lakini kikundi cha watu wanne kikichukua chupa mbili, ni seti ngapi za bure? Wahudumu wawili walikuwa wakisema moja, wengine wawili wakisema zote nne. Kompyuta haiwezi kupangiwa ahadi ambayo wenyewe hawajaielewa kwa namna moja. Mwenye kiwanda akaamua: kila chupa mbili zinafuta seti moja, na ubao ukaandikwa upya hivyo.

Namna ya kufuta ilijadiliwa zaidi ya yote. Njia tatu ziliwekwa mezani. Ya kwanza ni kuondoa mstari wa seti kwenye bili; ikakataliwa kwa sababu mstari ukiondoka, mililita 200 zilizonywewa zinaondoka nao na stoku inaharibika upya. Ya pili ni kuipa seti bei ya sifuri. Ikakataliwa kwa kuwa mstari wa sifuri kwenye hati ya kodi huleta maswali, na ripoti ya mwezi isingeonyesha ahadi imegharimu kiasi gani. Ya tatu, iliyochaguliwa, ni kuacha seti kwa bei yake kamili ya 20,000 na kuweka punguzo la jina moja, "Ofa ya kuonja", kwenye mstari wa chupa. Kwa kuwa seti na chupa zote zinatozwa VAT ya asilimia 18, kodi inatoka ileile popote punguzo linapokaa. Kama kiwango kingetofautiana kati ya vitu hivyo viwili, njia hii isingefaa.

Punguzo likagawanywa kwenye mistari kwa shilingi kamili, na mstari wa mwisho ukabeba salio. Mfano, 20,000 kwa mistari mitatu ni 6,666 na 6,666 na 6,668. Ukiiacha programu igawe kwa desimali, jumla ya mistari inaweza kupishana na jumla ya hati kwa shilingi moja, na hati ikakataliwa wakati mteja amesimama na fedha mkononi.

### Stoku kwa mililita

Kiraka cha 0.07 kilitupwa. Kilikuwa na ubaya usioonekana haraka. Chupa ya 750 ingetoa vionjo 15, lakini mvinyo wa matunda huacha mashapo chini na matone hudondoka, kwa hiyo kwa kweli hutoa 14. Mara 14, 0.07 inakuwa 0.98, karibu chupa nzima. Yaani kosa la kusawazisha desimali lilikuwa linafunika upotevu wa kawaida, na hesabu ikaonekana nzuri kwa bahati tu. Siku mhudumu angeanza kumimina mililita 65, hakuna mtu angejua kosa ni la mkono au la namba.

Kipimo cha msingi kikawa mililita. Maghala mawili yakafunguliwa ndani ya rejista, "Rafu" na "Kaunta". Chupa ya kuuzwa nzima inatoka Rafu. Chupa ikifunguliwa, mhudumu anabonyeza "Fungua chupa", nayo inahama kutoka Rafu kwenda Kaunta kama mililita 750. Glasi inatoa 150 za aina iliyochaguliwa. Seti haina tena mchanganyiko wa kudumu. Mhudumu akiigusa, programu inamlazimisha kuchagua aina nne, na aina moja inaruhusiwa kurudiwa hata mara nne. Wakati wa kufunga, chupa zilizobaki wazi zinamiminwa kwenye silinda ya kupimia, kiasi kinaingizwa, na tofauti inaandikwa chini ya moja ya sababu nne: kumwagika na mashapo, kuvunjika, kuharibika, kuonja kwa wafanyakazi. Mililita 50 kwa chupa ni upotevu unaokubalika. Zaidi ya hapo meneja anauliza.

Pamoja na hayo vikanunuliwa vikombe vya kupimia vya mililita 50 na 150, viwili viwili. Bila kikombe, mipangilio yote hiyo ni kazi bure.

Upande wa EFRIS palikuwa na swali la kitaalamu: stoku yake inafuata bidhaa zilizosajiliwa, na glasi si chupa. Mhasibu aliuliza kwa maafisa wa kodi kwa maandishi kabla ya kugusa kitu. Kwa jibu alilopewa, glasi na seti zilisajiliwa kama huduma, ambayo haibebi stoku, na chupa zilizofunguliwa zikawa zinatolewa kwenye stoku ya EFRIS kila jioni kwa marekebisho. EFRIS inataka sababu ya marekebisho, na zilizopo ni kuisha muda, kuharibika, matumizi binafsi, malighafi na nyinginezo. Kuchagua "kuharibika" kwa chupa iliyouzwa kwa glasi ni kuandika uongo kwenye kumbukumbu za kodi, hata kama mhudumu ameichagua kwa sababu iko juu kwenye orodha. Kiwanda kingine kisinakili uamuzi huu bila kuuliza kwanza kwa hali yake.

### Malipo

"Simu" iligawanywa kuwa MTN na Airtel, kwa kuwa fedha zinaingia akaunti mbili na taarifa mbili, na kuzilinganisha zikiwa rundo moja kunapoteza jioni nzima. Namba ya muamala ikawa lazima kuingizwa, nayo inasomwa kwenye simu ya chumba. Ujumbe ulio kwenye simu ya mteja si uthibitisho.

Shilingi za Kenya zilikuwa zikipokelewa tangu siku ya kwanza na kuingizwa kama taslimu ya Uganda. Sasa zina njia yake. Meneja anaweka kiwango kila asubuhi. Kwa kiwango cha 27, bili ya 80,000 ni shilingi za Kenya 2,963. Mteja akitoa 3,000, rejista inaonyesha 81,000 na chenji ya 1,000, inayotolewa kwa fedha za Uganda siku zote. Noti za Kenya zina chumba chake kwenye droo na zinahesabiwa peke yake. Risiti inabaki katika shilingi za Uganda.

### Mengineyo, kwa ufupi

Kila mhudumu akapewa namba yake ya siri. Kufuta mstari baada ya karatasi ya "SI RISITI" kuchapishwa kunahitaji namba ya meneja. Siku ya biashara inaishia saa nane usiku badala ya saa sita, ili sherehe ya Jumamosi isigawanyike ripoti mbili. Mhudumu anayefunga anahesabu droo kabla ya kuona kiasi kinachotarajiwa. Bili ya kwanza yenye mvinyo inauliza kama mteja ametimiza miaka 18. Hoteli zinazonunua kwa ankara zinaulizwa namba yao ya mlipakodi kabla ya kufunga bili, maana baada ya hati kutoka haiongezeki, na bila namba hiyo mnunuzi hawezi kudai VAT aliyolipa.

Umeme ulihitaji marekebisho madogo ila ya lazima. Betri ya akiba ililisha tableti na printa. Kifaa cha intaneti kiliachwa kwenye soketi ya ukutani. Umeme ukikatika, rejista ilibaki hai lakini haikufika EFRIS. Kikahamishiwa kwenye betri, na laini ya mtandao wa pili ikawekwa kwenye simu ya chumba. Tena, droo hufunguliwa na printa: karatasi ikiisha, droo inaweza kugoma kufunguka. Funguo yake sasa iko kwa msimamizi wa zamu, si nyumbani kwa meneja.

## Majaribio kabla ya kufungua

Fundi alitaka kujaribu risiti moja na kuondoka. Mhasibu alikataa, akaandika bili za majaribio zenye majibu yaliyohesabiwa kwa kalamu, zikapitishwa kwenye hali ya mazoezi isiyotuma EFRIS:

- Seti 1, chupa 2: jumla 80,000, VAT 12,203.
- Seti 4, chupa 2: jumla 140,000, VAT 21,356.
- Seti 4, chupa 5: jumla 240,000, VAT 36,610. Chupa ya tano haifuti kitu.
- Seti 1 yenye nanasi mara tatu na pasheni mara moja: Kaunta ipungue mililita 150 za nanasi na 50 za pasheni, choya isiguswe.

Ya tatu ilishindwa. Programu iligawanya chupa 5 kwa 2, ikapata 2.5, ikapandisha hadi 3 na kutoa punguzo la 60,000. Swichi ya kukata nusu kwenda chini ilikuwa imefichwa ndani ya kanuni ya ofa. Bila jaribio hilo, kila kikundi chenye chupa za idadi witiri kingeondoka na seti moja ya ziada bure.

## Matokeo

Kwa zile seti 37, mhasibu aliomba krediti noti. Aliweza kuoanisha 31 na namba za hati zao. Sita hazikupatikana, kwa sababu wahudumu wote walikuwa kwenye namba moja ya siri na mauzo kadhaa ya 20,000 yalifungwa ndani ya dakika chache. VAT ya hizo sita, shilingi 18,305, kiwanda kililipa.

Mwezi wa pili baada ya mabadiliko, mauzo ya rejista na ya EFRIS yalilingana. Hesabu ya chupa ilionyesha nanasi pungufu chupa 2, na aina nyingine chini ya chupa moja kila moja. Punguzo la mkono lilikwisha kabisa. Safu ya "Ofa ya kuonja" ikampa mwenye kiwanda kitu ambacho hakuwahi kuwa nacho: gharama ya ahadi yake kwa mwezi, kwa shilingi, kando ya idadi ya chupa ilizouza.

## Kilichofaa na kilichokwama

Bili ya wazi ilifanya kazi kuliko badiliko lingine lolote, na sababu ni ya wakati. Hati ya kodi ilikuwa inazaliwa mapema mno, kabla mteja hajamaliza kuamua. Kuisogeza hadi mwisho kuliondoa haja ya kufuta, na kuondoa haja ya kufuta ni bora kuliko kufundisha watu kufuta vizuri. Anayepanga rejista ya chumba kama hiki aanze kwa kukaa kwenye kiti kona moja Jumamosi nzima, aandike mteja anafanya nini kwanza, nini pili, kisha ndipo afungue ukurasa wa mipangilio.

Kuhesabu chupa kwa aina, badala ya jumla, ndiko kulikofichua mabadilishano ya choya na nanasi. Jumla peke yake ingeonyesha upungufu wa chupa tatu hivi, na pengine mhudumu asiye na hatia angeshukiwa.

Kilichoshindwa mwanzoni hakikuwa fundi. Hakuna aliyemwambia kwamba kuna ahadi ubaoni, wala kwamba mvinyo utauzwa kwa vipimo vitatu. Karatasi moja yenye bidhaa, vipimo, ofa na mfano wa bili ya kila aina ingemwezesha kuepuka zaidi ya nusu ya haya.

Mambo mawili bado hayajakaa sawa. Basi dogo likishusha watu ishirini kwa pamoja, mhudumu anachoka kuchagua aina nne kwa kila seti, anabonyeza ya kwanza mara nne na kuendelea. Ndiyo maana upungufu wa chupa mbili za nanasi unatokea Jumapili. Inajaribiwa seti ya pili, "Seti ya kikundi", yenye aina za kudumu zisizobadilishwa, kwa bei ileile, ikitumika tu kwa watu kumi na zaidi. La pili ni namba ya siri ya meneja. Wahudumu wawili wameshaijua, kwa kuwa Jumamosi meneja hakai kaunta na humpigia mtu simu kuitamka. Inabadilishwa kila Jumatatu kwa sasa, huku msimamizi wa zamu akitafutiwa ruhusa yake mwenyewe yenye kikomo cha 40,000 kwa kila kufuta.